Marshe au si marshe? Filimbi ya watoto nayo ina historia

Kwenye viwanja vya basketi vya Goma, Bukavu na Uvira kuna ugomvi usioisha, na si ule wa nani ameshinda. Mtoto wa miaka kumi anapokea mpira, anakimbia nao hatua tatu, nne, anasimama, anaudundisha, anaushika kwa mikono miwili, anaudundisha tena. Upande mmoja wa uwanja watu wanapiga kelele "marshe!", wakitaka mwamuzi apulize. Upande wa pili wanamwomba amwache mtoto acheze. Akipuliza kila kosa, watoto wanasimama kuliko wanavyokimbia. Asipopuliza, wale waliofundishwa kutembea vizuri na mpira wanaona wameibiwa, na kocha wao anaingia uwanjani mikono ikiwa hewani.

Kila upande unasema sheria iko nao. Basi inafaa kuuliza sheria hiyo ilitoka wapi, ilitungwa kwa ajili gani, na imebadilika mara ngapi kabla ya kufika kwenye uwanja wa mtaa.

Kwa familia zilizokimbia Rutshuru, Masisi na Nyiragongo jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Mtoto aliyepita Kanyaruchinya au Bulengo, kabla kambi hizo hazijabomolewa mwanzoni mwa 2025, anaweza kugusa mpira wa basketi kwa mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na moja. Anaingia kwenye timu ya mtaa na kukuta wenzake wamecheza miaka mitatu. Filimbi saba za kwanza zikiwa zote zake, ya nane huenda isimkute uwanjani. Lakini mtoto huyo huyo akipigwa kiwiko cha meno na mwamuzi akanyamaza, mama yake ndiye atakayehangaika kutafuta pesa ya dawa. Ulegevu una gharama, na ukali una gharama. Swali ni wapi pa kulegeza na wapi pa kukaza.

Jibu la kwanza liko Springfield, mji wa jimbo la Massachusetts nchini Marekani, Desemba 1891. James Naismith, Mkanada aliyezaliwa Almonte, Ontario, mwaka 1861, alikuwa mwalimu katika chuo cha YMCA. Nje kulikuwa baridi kali. Ndani alikuwa na darasa la vijana 18 waliochoshwa na mazoezi ya viungo, na walimu wawili kabla yake walikuwa wameshindwa nao. Mkuu wake, Luther Gulick, alimpa wiki mbili atafute mchezo wa kuchezea ndani ya ukumbi bila watu kuumizana.

Naismith alianza na swali la fundi: kwa nini kwenye mpira wa Kimarekani wachezaji wanaangushana vibaya namna ile? Kwa sababu mmoja anakimbia na mpira mikononi, na hakuna njia ya kumzuia isipokuwa kumkamata na kumwangusha. Ukiondoa kukimbia na mpira, umeondoa sababu ya kumwangusha. Halafu akaweka goli juu, kikapu cha kuwekea matunda kilichopigiliwa futi kumi kutoka chini, yaani mita 3.05, ili mtu asipate faida kwa kurusha kwa nguvu bali kwa kulenga.

Hapo ndipo sheria ya hatua ilipozaliwa. Watu wengi wanaidhani ni sheria ya adabu, au ya uzuri wa mchezo, kama vile kutembea vibaya na mpira ni aibu. Sivyo. Iliwekwa kulinda miili ya watu. Na kati ya zile sheria 13 alizoandika Naismith, ya tatu, ile inayokataza kukimbia na mpira, inaendelea papo hapo kusema kwamba mtu aliyeudaka akiwa kwenye mbio aonewe huruma, mradi anajaribu kusimama. Ahueni ya hatua iko ndani ya sheria ya kwanza kabisa. Haikuletwa na makocha walegevu wa siku hizi.

Mchezo wa kwanza ulichezwa tarehe 21 Desemba 1891, watu tisa kwa tisa, ukaisha 1–0. Miaka mingi baadaye, Januari 1939, Naismith alihojiwa kwenye redio huko New York. Sauti yake ipo mpaka leo. Humo anasimulia kwamba alipowapa vijana mpira na maelezo machache tu, walianza kukamatana, kupigana mateke na ngumi, wengine wakatoka na macho yamevimba. Anasema ndipo alipoongeza sheria, na iliyokuwa kubwa kuliko zote ni ile ya kutokimbia na mpira, kwa kuwa ndiyo iliyotuliza fujo. Masimulizi mengine yanasema sheria 13 zilibandikwa ukutani kabla ya mchezo, kwa hiyo wanahistoria hawajakubaliana juu ya nini kilitangulia. Alifariki Novemba mwaka huo huo, na ubishi huo akauacha kwa wengine.

Kuna jambo lingine katika sheria zile ambalo waamuzi wetu wangelipenda. Naismith aliweka waamuzi wawili, na hawakufanya kazi moja. Mmoja alikuwa mwamuzi wa watu: huyo aliangalia nani anasukuma, nani anashika, nani anapiga. Wa pili alikuwa mwamuzi wa mpira: mpira umetoka au haujatoka, ni wa timu gani, saa imefika wapi. Macho mawili, kazi mbili. Kwenye viwanja vya mtaa, ambako mara nyingi mtu mmoja anapuliza peke yake tena bila malipo, mambo hayo mawili yamechanganyika kichwani mwake. Anayekazana kuhesabu hatua za mtoto mwenye mpira haoni kiwiko kinachofanyika chini ya kikapu.

Tazama na adhabu. Kukimbia na mpira kulihesabiwa kosa, na timu ikifanya makosa matatu mfululizo, wapinzani wasipofanya lolote katikati, walipewa goli. Lakini kumtoa mtu mchezoni kulikuwa kwa makosa ya mwili peke yake: kusukuma, kushika, kumkwaa mtu, kupiga. Kosa la kwanza la namna hiyo lilihesabiwa. La pili lilimtoa mtu nje mpaka goli lifuatalo lifungwe. Na ikionekana alikusudia kuumiza, alitoka mchezo mzima na nafasi yake haikujazwa. Timu ilibaki pungufu. Kanuni za leo hazina adhabu nzito kama hiyo ya mwisho. Huyu ni mtu yule yule aliyeandika kwamba aliyeudaka mpira mbioni aonewe huruma. Alijua anachotaka: mkono mwepesi kwenye mpira, mkono mzito kwenye mwili.

Kudundisha mpira hakukuwemo kwenye sheria zile 13. Wachezaji walikigundua wenyewe: mtu aliyebanwa asiyeweza kupasi alijirushia mpira chini kisha akaufuata. Wengine waliona ni ujanja wa kukwepa sheria ya hatua, na kwa kweli ndivyo ulivyokuwa. Mwaka 1927 kamati ya kanuni ya Marekani ilitangaza kwamba mchezaji adundishe mara moja tu, basi. Makocha walipinga vikali, wakaunda chama chao mwaka huo huo, na uamuzi ukarudishwa nyuma. Kwa hiyo kile watoto wanachokipenda kuliko vyote katika basketi kiliponea chupuchupu kwenye meza ya kamati.

Wa kwanza kubadilisha sheria kwa ajili ya wachezaji aliokuwa nao alikuwa mwanamke, Senda Berenson, mwalimu katika chuo cha wasichana cha Smith, mji wa Northampton, si mbali na Springfield. Mwaka 1892 aliuchukua mchezo wa Naismith, akagawa uwanja sehemu tatu na kila mchezaji akabaki kwenye sehemu yake. Akakataza kunyang'anya mpira kutoka mikononi mwa mwenzako, na mpira usishikwe zaidi ya sekunde tatu wala kudundishwa zaidi ya mara tatu. Kwa wakati wake lilikuwa jambo la akili. Wasichana ambao jamii iliwakataza kukimbia walipata mchezo wa kukimbia.

Lakini hapa wale wanaotaka ukali wana hoja, na inafaa isikilizwe. Kile alichokiweka Berenson kwa waanzaji kiligeuka kuwa ukuta. Wasichana wa Marekani waliendelea kufungiwa sehemu moja ya uwanja kwa vizazi. Katika shule za sekondari za jimbo la Oklahoma, mchezo wa wasichana sita kwa sita, wasiovuka katikati ya uwanja, uliisha mwaka 1995 tu. Miaka zaidi ya mia! Msamaha usiokuwa na siku ya mwisho humfunga yule yule uliyetaka kumsaidia. Kocha anayemwacha mtoto atembee na mpira akiwa na miaka tisa, na kumi na moja, na kumi na tatu kwa sababu "bado ni mtoto", anamwandalia aibu mbele ya mwamuzi asiyemjua.

Kuna na suala la uwanja. Basketi iliingia kwenye michezo ya Olimpiki mwaka 1936 mjini Berlin, na ilichezwa nje, juu ya udongo na mchanga. Siku ya fainali, 14 Agosti, mvua ilinyesha. Mpira haukuweza kudunda kwenye matope. Marekani iliifunga Kanada 19–8, na Naismith mwenyewe alikuwepo. Pointi 27 kwa timu mbili zilizo bora duniani! Hakuna anayesema wale hawakujua kucheza. Uwanja ndio uliowakatalia.

Mtu wa Goma hahitaji kufafanuliwa hilo. Lava ya Nyiragongo iliyopita katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002 ndiyo ardhi ambayo watoto wengi wanachezea. Mpira unagonga jiwe na kurukia kushoto, mtoto anaukimbilia, anaupata, anaendelea. Watu wanapiga kelele. Lakini kanuni zenyewe zinatofautisha mpira unaodundishwa na mpira uliomponyoka mtu kwa bahati mbaya. Mwamuzi anayepuliza hapo hakazi sheria, anaikosea.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndipo watu walipokaa kufikiri juu ya basketi ya watoto kama mchezo wenye mahitaji yake. Huko Scranton, Pennsylvania, mnamo 1950, Jay Archer alishusha pete na kupunguza ukubwa wa mpira. Wazo likavuka bahari. Nchini Uhispania Anselmo López alilikuza katika miaka ya 1960, na FIBA, shirikisho la dunia lililoundwa Geneva mwaka 1932, ikalichukua kwa jina la mini-basketi, mchezo wa watoto wa miaka 12 kushuka chini. Pete ikawa mita 2.60 badala ya 3.05, na mpira ukawa namba 5 badala ya namba 7 ya wanaume.

Vipimo hivyo vinaingia moja kwa moja kwenye ubishi wa marshe. Mpe mtoto wa miaka tisa mpira namba 7 na pete ya wakubwa. Mkono wake hauushiki mpira, kwa hiyo anaukumbatia. Nguvu ya mikono haitoshi kuufikisha juu, kwa hiyo anaongeza hatua mbili za kujisukuma. Mwamuzi anapuliza marshe. Sehemu ya kosa hilo ni ya mtoto, na sehemu ni ya vifaa. Mahali ambapo mpira namba 5 haupatikani, na mahali pengi haupatikani, hatua ya ziada wakati wa kurusha ni kitu ambacho mtu mzima mwenye huruma anaweza kukipitisha bila kuona haya.

Na sheria za wakubwa zinasemaje? Hapa wale wanaosema "sheria ni sheria" wanapata mshangao. Kanuni za FIBA zinamwagiza mwamuzi, kabla ya kupuliza kosa la kugusana au la mpira, apime mambo kadhaa: roho na shabaha ya sheria; kama mguso ulimpa mtu faida au ulimwonea mpinzani; na busara ya kawaida, akizingatia uwezo wa wachezaji walio mbele yake na tabia yao katika mchezo huo. Uwezo wa wachezaji umetajwa ndani ya sheria. Mwamuzi anayempima mtoto kwa kipimo cha mtoto anaitii kanuni kama ilivyoandikwa.

Wazo hilo la faida na hasara ni la zamani. Nchini Marekani linahusishwa na Oswald Tower, aliyehudumu kwenye kamati ya kanuni karibu nusu karne, mpaka mwisho wa miaka ya 1950. Kwake, sheria ipo kumzuia mtu asimpunje mwenzake kwa njia haramu. Haipo ili kila neno lake lipigiwe filimbi.

Halafu hatua zenyewe zimebadilika, na si zamani. NBA iliandika wazi mwaka 2009 kwamba mchezaji anaruhusiwa hatua mbili baada ya kuukusanya mpira. FIBA ilibadilisha kanuni yake kuanzia 1 Oktoba 2017: mchezaji anayeudaka mpira akiwa mbioni, au anayemaliza kudundisha, ule mguu uliopo chini wakati huo hauhesabiwi, halafu anapata hatua mbili. Watu wanauita hatua sifuri. Baba aliyecheza miaka ya 1990 na anayepiga kelele "marshe!" kutoka pembeni, huenda anadai sheria iliyokwisha kufutwa. Na mtoto aliyemwona Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, kwenye simu ya jirani, anaiga kitu ambacho leo ni halali.

Kwa upande wa kukaza, Wakongo wana mfano wao. Dikembe Mutombo, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1966, alianza basketi akiwa amechelewa. Alifika chuo cha Georgetown mwaka 1987 akitaka kusomea udaktari, na msimu wake wa kwanza hakuichezea timu ya chuo. Alijifunza, na alimaliza maisha yake ya NBA na mipira 3,289 aliyoizuia kwa mkono isifike kikapuni. Kazi ya namna hiyo inasimama kwenye uzi mwembamba kati ya kuugusa mpira na kumgusa mtu. Hajifunzi uzi huo mtu ambaye hajawahi kupigiwa filimbi. Hata kile kidole chake maarufu cha kukataza, NBA ilifika mahali ikamwadhibu akimwonyesha mpinzani usoni. Akabaki kuwaonyesha watazamaji, na watazamaji walifurahi zaidi.

Kwa hiyo historia haimpi ushindi kocha wa upande wowote, ila inamwonyesha mwamuzi mahali pa kuweka mkono mzito. Kusukuma, kushika, kiwiko, kumkwaa anayeruka: hapo hakuna umri. Naismith alilikaza hilo kabla ya mengine yote, na kwenye uwanja ambako watoto wa maeneo tofauti wamekutanishwa na vita, teke lisilopigiwa filimbi haliishii uwanjani. Linafuatwa njiani kurudi nyumbani, na mara nyingine linafika kwa wazazi.

Kwa hatua na kudundisha mara mbili, umri na wakati viongoze. Kwa wenye miaka tisa, mwamuzi apulize pale ambapo hatua zimempa mtoto njia ambayo asingeipata, kisha amwambie kwa sauti kosa ni lipi na amwonyeshe kwa mguu wake mwenyewe. Inachukua sekunde tano. Kwa wenye kumi na moja, hatua ya kwanza baada ya kusimama ianze kupigiwa kila mara, kwa maana hiyo ndiyo tabia inayokomaa upesi. Kufikia kumi na tatu msamaha uwe umeisha. Na siku ya kuisha itangazwe mapema, ili mtoto asidhani amechukiwa.

Panabaki mahali pagumu, na makocha wanapajua. Timu ya watoto waliofika mwezi uliopita inacheza na timu ya watoto wa klabu. Je, mwamuzi awe na vipimo viwili? Akifanya hivyo, watoto wa klabu watasema wale wanapendelewa kwa sababu ni wakimbizi, na neno hilo likitamkwa uwanjani halirudi. Njia inayofanya kazi ni kuwaita makocha wawili kabla ya mchezo na kukubaliana kipimo kimoja kwa wote siku hiyo, kile cha timu changa zaidi. Klabu haipotezi kitu. Watoto wake wakifuata sheria kamili wakati hawalazimishwi, watakuwa tayari kwa mashindano ya mkoa, na kwa Afrobasketi ya walio chini ya miaka 16, ambako waamuzi wanapuliza kanuni za wakubwa na hawana sekunde tano za kumweleza mtu.